Atakayebaki Ndiye Dalali

Nchi yetu ipo. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana ramani zetu zilikusanywa zikachomwa mwaka ule mipaka ilipokuwa inafikiriwa upya, na mimi si mtu wa kubishana na moto. Ninachoweza kuwaambia bila kuomba kibali ni kwamba jua letu linachomoza asubuhi, watu wetu ni wakarimu, na viongozi wetu wote wana afya njema. Hayo matatu yameshapitishwa.

Jina langu Hamduni Makame. Ni mhariri mwandamizi katika Ofisi ya Maana, idara ndogo iliyoko nyuma ya Wizara, jirani na vyoo. Kazi yetu ni kuamua kila neno lina maana gani. Tukishaamua, neno linatulia na wananchi wanalitumia kama lilivyoamuliwa. Tuko watatu. Yuko Mkurugenzi wetu, Daktari Ngwali, ambaye udaktari wake ni wa kutunukiwa. Yuko Bi Mashavu, mpiga chapa, anayejua siri za mji mzima na hukohoa kila anaposikia uongo. Na niko mimi. Nawaambia mapema ili msije mkanidai ushujaa huko mbele: mimi ni mwoga, tena mwoga wa kuzaliwa. Mama alikuwa akisema siku niliyozaliwa nililia kwa sauti ya chini, nisiwaudhi majirani.

Ninaye pia kaka yangu, Shomari. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba. Akaacha shule akaenda kusimama mnadani, kwenye mnada wa ng'ombe wa kila Jumatano, akiwakutanisha wenye mifugo na wachinjaji. Akawa dalali. Kwa udalali huo nikala, nikavaa, nikasoma mpaka nikaajiriwa serikalini. Kila nilichonacho kimetoka kwenye ng'ombe wa watu wengine waliopita mikononi mwa kaka yangu.

*

Mambo yalianza na beberu.

Baba Mlezi wa Taifa, Mungu ampe umri hata usio wake, alitaka kununua beberu yeye mwenyewe kama mtu wa kawaida. Akaenda sokoni amevaa kanzu iliyochakaa, iliyochakazwa asubuhi ile ile na mafundi wa Ikulu. Alifuatana na walinzi thelathini na sita waliovaa kama watu wa kawaida, wote kofia za rangi moja. Akauliza bei. Akatajiwa.

"Mbona ghali hivyo?" akauliza Baba Mlezi.

Mwenye beberu alimtambua. Angeacha kumtambua vipi, na sura yake iko kwenye noti, kwenye daftari za shule na kwenye pakiti za chumvi? Akasema jambo la kwanza lililomjia kinywani.

"Ni... ni dalali, Mheshimiwa."

Baba Mlezi akarudi Ikulu bila beberu. Akaliita Baraza la Mawaziri akauliza swali moja tu: "Dalali ni nani?" Hakuna aliyejibu. Atakayejibu ataulizwa amemjuaje. Waziri wa Biashara akaomba maji. Waziri wa Maji akasema hayapo.

Jioni ya siku ile, Jumanne, tukasikia hotuba yake redioni.

"Ndugu wananchi! Tumewapeni barabara. Tumewapeni wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne. Tumewapeni mimi. Sisi tuko huku, ninyi mko kule, na mapenzi ni tele. Lakini kuna mtu kasimama katikati! Nimemvumilia nilipokuwa simjui. Sasa nimemjua. Anaitwa dalali, na kufikia Ijumaa ya wiki ijayo hatakuwepo!"

Redioni watu walipiga makofi dakika ishirini. Sisi mtaani kwetu tulipiga makofi dirishani, ili tusikike kwa jirani.

Kesho yake, Jumatano, malori matatu ya polisi yaliuzingira mnada wa ng'ombe, ambako siku hiyo hukutana madalali wa kila aina. Walikamatwa watu arobaini na watatu, na mmoja wao alikuwa kaka Shomari. Mahali pa kuwaweka hapakuwepo, jela zote zimejaa. Polisi wakatafuta dalali wa nyumba, akawapatia bohari zuri la korosho, kavu, lenye mlango mmoja. Alipowafungulia mlango waangalie, wakamfungia humo humo. Wakawa arobaini na wanne.

*

Hapo Mwanasheria Mkuu akasimama na jambo. Sisi ni nchi ya sheria, akasema. Huwezi kumpeleka mtu Bonde la Chumvi miaka saba kwa neno ambalo halijafasiliwa. Atakwenda tu aliyetimiza fasili. (Bonde la Chumvi ni mahali pa mafunzo. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kule. Serikali inasema ni kwa sababu wanapapenda.)

Basi neno likaletwa kwetu, kwenye bahasha nyekundu. Ofisi ya Maana ifasili neno *dalali* kabla ya Ijumaa. Daktari Ngwali aliisoma ile barua amesimama, akaisoma tena amekaa, halafu akanisukumia mezani.

"Hamduni, hii ni heshima kubwa sana," akaniambia. "Ichukue wewe."

Kabla hata sijatafuta kalamu, mlango ukabishwa. Akaingia bwana mmoja mwenye viatu visivyo na sauti. Jina hakulisema, nasi hatukumuuliza. Baadaye kati yetu tulimwita Bwana Mpole, kwa kuwa upole wake ulipita kiasi. Alikuwa mtu wa Usalama. Akapokea chai ya Bi Mashavu, akaipuliza, akafungua kijitabu.

"Kati ya waliokamatwa yuko Shomari Makame," akasema. "Na wewe ni Hamduni Makame. Ni ndugu yako?"

Jamani, nisikilizeni. Nchini kwetu mtu wa Usalama akikuuliza kama fulani ni nduguyo, jibu lipo ulimini kabla hujalifikiria. Tumefundishwa na mama zetu, nao wamefundishwa na mama zao. Mtu hukana kwanza, halafu ndipo anauliza kumetokea nini.

"Makame ni wengi," nikasema.

Bi Mashavu akakohoa.

"Basi niandike kwamba huyu Shomari hana ndugu serikalini?"

"Andika tu, bwana."

Akaandika taratibu, kwa mwandiko wa kupendeza. "Nashukuru kwa ukweli wako," akasema akifunga kijitabu. "Maana anayemdanganya mtu wa Usalama ni miaka kumi na minne. Na hao hawaendi Bondeni. Kuna mahali pengine."

"Wapi huko?" nikauliza, mjinga mimi.

"Watu huwa wanauliza hivyo hivyo," akasema. Akamaliza chai yake akaondoka. Bi Mashavu akaniletea maji.

*

Niliandika fasili ya kwanza siku ile ile, nyepesi na ya haki: *Dalali: mtu anayemkutanisha mwenye kuuza na mwenye kununua, akapata ujira wake.*

Ofisini kwetu hakuna siri. Kufika adhuhuri fasili ilikuwa mji mzima, na mji mzima ukaogopa, maana kila mtu alijiona humo.

Wa kwanza kuja alikuwa mtu wa Waziri wa Biashara. Waziri mwenyewe hakuja. Alimtuma katibu wake, katibu akamtuma karani, na karani akampata bwana mmoja anayefahamiana na Bi Mashavu. Bwana huyo akakaa mbele yangu akifuta jasho.

"Mheshimiwa anauliza," akasema, "mtu akiwakutanisha wageni wenye meli na wananchi wenye madini, akapewa kidogo cha shukrani, huyo naye ni dalali?"

"Kwa fasili hii, ndiye."

"Mheshimiwa anaomba paandikwe *isipokuwa*."

Daktari Ngwali akasema paandikwe. Nikaandika: *isipokuwa awe waziri.*

Baada yake wakaja washenga. Walikuwa kina mama kumi na wawili wenye buibui, wazee watupu, wamekuja kwa miguu. Kiongozi wao, Bi Tunu, ndiye aliyepeleka posa ya mke wa tatu wa Baba Mlezi, akaenda na kurudi baina ya nyumba mbili mwezi mzima mpaka mahari yakapatana.

"Mwanangu," akaniambia, "nilipewa khanga doti mbili. Huo ni ujira?"

"Ni ujira, bibi."

"Nizirudishe?"

"Umeshazivaa?"

"Moja nimeivaa hapa."

Nikaandika: *isipokuwa awe mshenga.* Bi Tunu alinishika mikono akalia, na wenzake wakalia, na Bi Mashavu naye akajiunga. Nikaona raha kidogo moyoni. Nikadhani fasili inaelekea kwenye huruma.

Kumbe! Wakafuata watu wa mpira wanaouza wachezaji, wakafuata waganga. Wakaja majaji kuulizia yule aliyewatafutia nyumba za pwani, kwa sababu alikuwa mmoja wa wale arobaini na wanne na walimhitaji atoke. Kila aliyekuja alikuwa katumwa na mwingine aliyetumwa na mwingine. Ikafika Jumatatu fasili ina kurasa arobaini, na *isipokuwa* zake zimefika tisini na moja. Na kila ilipoandikwa *isipokuwa* iliyomgusa mmoja wa waliofungwa, mtu huyo alitoka bohari la korosho. Huyu ni mkwe wa kamishna, yule amenyonya ziwa moja na mpishi wa Ikulu, mwingine binamu yake ndiye anayepiga ngoma kwenye wimbo wa taifa. Kumbe kila dalali alikuwa na mtu wake serikalini, na watu wao walikuwa wakisema bila haya: huyu ni ndugu yangu, mtoeni.

Nikaanza kuelewa nilichofanya. Kama ningemwambia Bwana Mpole ndiyo, ni kaka yangu, tumbo moja, basi Shomari angekuwa ametoka siku ya kwanza. Uongo wangu ndio uliomfunga. Na kuufuta sasa ni miaka kumi na minne mahali pasipo na jina.

*

Shemeji Siwatu, mke wa Shomari, alikuja siku hiyo hiyo ya Jumatatu. Hakupiga hodi. Aliweka bakuli la wali mezani kwangu, juu ya fasili.

"Shemeji, nasikia wewe ndiye mwenye kalamu."

"Sema polepole, shemeji."

"Nitasemaje polepole? Watu wanatoka! Nimesimama pale bohari tangu juzi, naona watu wanatoka wanacheka. Wa magari katoka. Wa viwanja katoka. Yule tapeli aliyeuza kaburi moja mara tatu, katoka! Mume wangu yumo. Kawakosea nini?"

"Hajawakosea."

"Basi muandike! Neno moja tu. Andika: isipokuwa Shomari, ana mdogo wake aliyemlea kwa mikono yake." Akanitazama. "Umewaambia kwamba ni kaka yako?"

Bi Mashavu alikuwa anapiga chapa, akaacha.

"Nalishughulikia, shemeji," nikasema. "Kuna taratibu."

Siwatu si mtoto. Akachukua bakuli lake pamoja na wali akaondoka. Mlangoni akageuka akasema, "Wali huu ulikuwa wake. Nilitaka umpelekee."

Nikaingia kwa Daktari Ngwali, nikamweleza kwa kuzunguka kwamba labda, kwa ajili ya ufasaha wa lugha, ingependeza tukiwatoa pia madalali wa ng'ombe.

Daktari akavua miwani. Naye alikuwa anaogopa. Tangu Jumatano alikuwa hali ila biskuti.

"Hamduni, nimehesabu. Wamebaki watatu. Wawili wana wajomba zao kwenye Chama, kesho watatoka. Atabaki mmoja, wa ng'ombe. Ukimtoa huyo, fasili itakuwa haina mtu. Tutampelekea Baba Mlezi neno tupu? Aliyesema kwa kinywa chake kwamba amemjua dalali? Itakuwa tumesema hakumjua!" Akashusha sauti. "Neno lisilo na mtu ni uchochezi. Atakuja kuulizwa aliyelifasili. Hatuna ugomvi na huyo wa ng'ombe, lakini atakayebaki ndiye dalali, na sisi tushukuru Mungu kwamba amebaki mmoja. Au wewe unamjua?"

"Hapana, Daktari."

"Basi malizia. Eleza vizuri asije akachanganywa na mtu mwingine. Usisahau kipengele cha ndugu, Usalama wamekisisitiza."

Nikaenda nikaandika. Mkono ulikuwa unaandika, mimi nauangalia. *Na hasa mtu mmoja, mwanamume, wa urefu wa wastani, mwenye kovu kidevuni, anayesimama katika mnada wa ng'ombe wa Jumatano, na asiye na ndugu serikalini.*

*

Ofisi yetu ina Kanuni ya Tisa: fasili lazima ijaribiwe juu ya kitu chenyewe kabla ya kutangazwa. Ni kanuni ngumu. Tulipofasili *kiboko* tulimpoteza mhariri mzuri sana. Basi Alhamisi nikatumwa bohari la korosho kuipima fasili juu ya mtu aliyebaki. Bwana Mpole akanisindikiza kwa upole wake.

Bohari lilikuwa kubwa na tupu. Katikati, juu ya gunia, alikaa kaka yangu. Aliponiona uso ukamchanua. Ulichanua mara moja tu, halafu akamwona Bwana Mpole nyuma yangu akauzima. Hajapata kwenda shule ya maana, Shomari, lakini nyuso za watu anazisoma.

"Jina lako?" nikamuuliza.

"Shomari Makame, bwana mhariri."

Bwana mhariri! Mtu aliyenifundisha kuvaa viatu. Nilihisi machozi yanakuja nikayafanya kikohozi.

Nikaanza kusoma fasili kipande kwa kipande, naye anaitikia. Urefu wa wastani? Ndiyo. Kovu kidevuni? Akaligusa. Lile kovu alilipata kwa pembe ya fahali, mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba. Alishonwa asubuhi na jioni akaja kunisikiliza nikisoma. Mnada wa Jumatano? Ndiyo.

"Asiye na ndugu serikalini," nikasoma.

"Nani kasema sina?" kaka akauliza.

"Imethibitishwa," akasema Bwana Mpole. "Na ofisi yenyewe."

Kaka akanitazama. Niliangalia karatasi. Nje mwanamke alikuwa anauza vitumbua, anaita watu.

"Bwana mhariri," kaka akasema hatimaye, "dalali hapimwi kwa karatasi. Ngoja nikuonyeshe. Nipe mkono." Akavua shuka lake begani, akanishika mkono wa kulia, akaifunika mikono yetu miwili isionekane. Bwana Mpole akasogeza kichwa. Kaka akamweleza bila kumtazama: "Ndivyo tunavyofanya kazi, bwana mkubwa. Bei ya ng'ombe haitajwi mbele za watu. Namshika mwenye mali mkono chini ya shuka. Kidole kimoja ni laki moja, viwili ni mbili. Akinikuna kiganja, anaomba nimpunguzie. Akichomoa mkono, biashara imevunjika. Nikimbana gumba, nimekubali, na hapo hakuna kurudi nyuma."

"Kwa nini msisemezane tu?" akauliza Bwana Mpole.

"Watu huogopa, bwana. Mwenye kuuza anaogopa kupunjwa, mwenye kununua anaogopa kupunjwa, na wote wawili wanaogopa majirani. Mimi nakaa katikati, wananiachia mimi hiyo hofu, wao wanakwenda nyumbani wamepatana. Ndiyo kazi yenyewe. Sijui ofisini mnaiitaje."

Alikuwa anazungumza na Bwana Mpole, lakini chini ya shuka alikuwa ananishika kidole changu cha shahada. Kidole kimoja. Alikishika akakivuta kidogo kuelekea kwake, halafu akakirudisha kwangu. Alikuwa ananiuliza: mimi, au wewe? Nilielewa kama nimeulizwa kwa kinywa. Ningechomoa mkono, ningesema kwa sauti huyu ni kaka yangu, biashara ingevunjika pale pale. Yeye angetoka, mimi ningekwenda.

Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho chapachapa. Sikuuchomoa. Nikamkuna kiganja. Wallahi, jamani, nilimkuna. Yeye ndiye anayekwenda Bondeni, na mimi ndiye niliyeomba kupunguziwa.

"Miaka thelathini nimeshika mikono," kaka akasema taratibu. "Mkono ukilowa hivi, mwenyewe ameshaamua, anaona aibu kusema."

Akanibana gumba. Akabana kwa nguvu mpaka likauma, halafu akaniachia na kuvuta shuka lake.

"Mmesemezana nini humo?" akauliza Bwana Mpole, anatabasamu.

"Nimemuuzia ng'ombe."

"Naye amekubali bei?"

"Mimi ndiye niliyekubali," akasema kaka yangu, na akakaa tena juu ya gunia.

*

Ijumaa, baada ya swala, uwanja ulijaa. Wananchi walikuja kwa hiari, kila mtaa na orodha yake ya waliokuja kwa hiari. Baba Mlezi alikaa juu ya jukwaa chini ya mwavuli. Shomari alisimamishwa chini yake, peke yake, amevikwa kibao kifuani kilichoandikwa DALALI. Daktari Ngwali akasoma fasili yote, pamoja na *isipokuwa* zake tisini na nne, na ilimchukua saa moja u nusu. Watu wanne walizimia kwa jua. Kila mtu aliposikia *isipokuwa* yake alishusha pumzi. Ulizisikia pumzi zikishuka upande huu wa uwanja, halafu ule. Nilimwona Bi Tunu na washenga wake wameshikana mikono. Mwishoni ikasomwa ile sentensi yangu, na watu wote wakamtazama kaka yangu kidevuni.

"Kwa hiyo huyu ndiye!" akasema Baba Mlezi. Alionekana amevunjika moyo kidogo. Nadhani alimtarajia mkubwa zaidi. "Huyu ndiye aliyesimama kati yangu na beberu. Wananchi, kuna mwenye pingamizi na fasili?"

Anauliza hivyo kila mara. Ni katika demokrasia yetu.

"Mimi ninayo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Shemeji Siwatu alikuwa amesimama kati ya watu, na watu walikuwa wameshajitenga naye, amebaki na duara tupu la kumzunguka.

"Karatasi yenu inasema dalali ni asiye na ndugu serikalini," akasema. "Mume wangu anaye! Mdogo wake wa tumbo moja yuko pale, amekaa na wakubwa! Yule mwenye shati la buluu! Mwacheni mume wangu, hajatimiza!"

Uwanja wote ukanigeukia. Daktari Ngwali, aliyekuwa karibu nami, akasogeza kiti chake. Nikamwona Bwana Mpole nyuma ya jukwaa anafungua kijitabu, anatafuta ukurasa. Haraka hakuwa nayo.

"Wewe," Baba Mlezi akaniambia. "Ni kweli?"

Nikasimama. Nilikuwa na neno moja la kusema, fupi, ambalo hata mtoto mchanga analijua, na kazi yangu mimi ni maneno. Kinywa nilikifungua. Mungu ni shahidi wangu, nilikifungua.

"Si kweli, Mheshimiwa." Sikuwa mimi. Ni Shomari aliyesema, kutoka pale chini, kwa sauti yake ya mnadani inayofika nyuma ya zizi. "Msameheni mke wangu, hajala siku tisa, hofu imemchanganya. Yule bwana nimemwona mara moja, jana, alikuja kunipima. Mimi sina ndugu."

"Shomari!" akalia Siwatu. "Shomari, unasema nini?"

Hakumtazama. Wala mimi hakunitazama.

"Na wewe unasemaje?" Baba Mlezi akaniuliza.

"Nilimpima tu, Mheshimiwa," nikasema.

Bwana Mpole akafunga kijitabu. Baba Mlezi akainua mkono akatangaza kwamba kuanzia saa ile nchini mwetu hakuna tena dalali, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Nami nikapiga. Nilipiga kwa nguvu, nikapiga muda mrefu, mpaka waliokaa mbele yangu wakageuka kuangalia ni nani huyo. Nilipokuja kuacha, viganja vilikuwa vinaniwaka moto, na gari la Bondeni lilikuwa limeshaondoka naye.